Usukani Mwepesi Huanzia Kwenye Betri

Mwenye Land Rover 110 au Land Cruiser ya zamani anayeng'oa injini iliyochoka na kuweka dizeli nyingine kutoka gari lililokatwa, mara nyingi hugundua jambo moja akiwa amekwisha chelewa: pampu ya pawa stelingi haina tena pa kukaa. Puli ya injini mpya haiko mstari mmoja na ile ya pampu, kishikizo hakipatikani, au mpira wa mafuta unagusa chasisi. Hapo ndipo fundi hupendekeza pampu ya umeme, hasa ile ya Mazda Axela au Premacy za miaka ya 2000, ambayo huzungushwa na mota yake yenyewe na haihitaji mkanda. Kwa kuwa magari hayo yaliingia kwa wingi Afrika Mashariki kutoka Japani, pampu zake hutafutwa Gerezani, Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kama spea nyingine yoyote ya mtumba. Pendekezo hilo ni zuri. Kinachokosewa ni utaratibu wa kazi. Pampu hununuliwa kwanza, kisha hufungwa, kisha mipira ya mafuta hukatwa na kubanwa, na mwisho kabisa huitwa fundi umeme ili "aunganishe waya mbili tu". Mimi nashikilia kwamba mpangilio huo umepinduliwa. Kufunga pampu hii ni kazi ya umeme kabla haijawa kazi ya mafuta, na ambaye hajapima altaneta, betri na nyaya za gari lake hajawa tayari kununua pampu.

Kabla ya hesabu za umeme, tuondoe dhana moja inayowapotezea watu fedha. Pampu, iwe ya mkanda au ya umeme, haigeuzi magurudumu. Kazi yake ni kusukuma mafuta kwa shinikizo, na mafuta hayo ndiyo yanayosukuma pistoni iliyomo ndani ya boksi la stelingi au ndani ya reki. Land Rover Series III iliyotoka kiwandani na boksi la kawaida la mkono haina pistoni hiyo wala valvu ya kuelekeza mafuta, kwa hiyo hata ukiifungia pampu kumi usukani wake utabaki mzito vilevile. Gari kama hilo linahitaji kwanza boksi la pawa, kama yale yaliyokuwa kwenye Range Rover na Land Rover za baadaye, pamoja na kazi ya chuma ya kulishikilia kwenye chasisi. Hiyo ni mada nyingine na gharama nyingine. Maneno yangu hapa yanamhusu mwenye gari ambalo tayari lina boksi au reki ya mafuta, na anachokosa ni njia ya kuipatia shinikizo. Viwanda vyenyewe viligeukia pampu za umeme kwa sababu inayofanana na hiyo: Toyota MR2 ya miaka ya 1990 ina injini nyuma ya viti, na ni rahisi kupeleka waya hadi mbele kuliko kuvuta mabomba marefu ya mafuta kutoka kwenye mkanda ulioko nyuma.

Sasa tuangalie pampu inakula umeme kiasi gani. Tuchukulie kwamba gari limesimama kwenye lami kavu, dereva anakata usukani hadi mwisho ili aegeshe, na boksi linahitaji mafuta kwa shinikizo la baa 80, lita 4 kwa dakika. Ukizidisha viwango hivyo kwa vipimo vyake sahihi unapata kama wati 530 za nguvu iliyomo ndani ya mafuta. Lakini mota na pampu hupoteza sehemu ya umeme kama joto na msuguano. Tukikadiria kwamba asilimia 60 tu ndiyo inayofika kwenye mafuta, mota italazimika kuvuta karibu wati 890. Gawanya kwa volti 13 na utapata ampia 68. Ndiyo maana watu waliokwisha pima pampu za aina hii hutaja kilele cha kati ya ampia 60 na 80. Taa kubwa mbili za wati 55 huvuta kama ampia 9, na honi huvuta chini ya hapo. Katika gari la zamani hakuna kifaa kingine, ukiacha stata na plagi za kupasha moto dizeli, kinachokaribia kiwango hiki. Kwa hiyo anayefikiria pampu hii kama redio au feni ya ziada anakosea kuanzia hatua ya kwanza, na makosa yote yanayofuata, kuanzia waya mwembamba na rilei ndogo hadi athi iliyofungwa kwenye boliti yenye kutu, huzaliwa na fikra hiyo.

Altaneta ndiyo inayoamua kama mradi huu unawezekana. Land Rover Series III nyingi zilitoka na Lucas 16ACR yenye uwezo wa ampia 34, na zile za kabla yake zilikuwa na dainamo ya Lucas C40 yenye uwezo wa ampia 22. Weka gari hilo barabarani usiku wa mvua. Taa kubwa zinachukua ampia 9, taa ndogo na za breki 5, waipa 4, feni ya kupuliza kioo 7. Tayari umefika 25. Kama injini iliyowekwa ina feni ya umeme kwenye rejeta, ongeza ampia 15 nyingine, na altaneta ya 34 imekwisha zidiwa kabla pampu haijaguswa. Zaidi ya hayo, namba iliyoandikwa kwenye altaneta ni ya injini inayokwenda kasi. Injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa, altaneta nyingi za zamani hutoa nusu ya kiwango hicho au pungufu.

Atakuja mtu aseme: kilele cha ampia 70 hudumu sekunde mbili au tatu tu, na barabarani pampu hutulia chini ya ampia 10, basi betri itatoa kile kinachopungua na altaneta itarudisha taratibu. Hoja hii ina ukweli, na kwa gari linalosafiri masafa marefu kutoka Arusha hadi Babati inaweza kutosha. Lakini usukani hauhitaji msaada mkubwa njiani. Unauhitaji pale gari linapotambaa, na gari linapotambaa injini nayo iko chini. Fikiria foleni ya kivuko cha Likoni au Kigamboni jioni: taa zimewashwa, feni ya rejeta inazunguka kwa sababu ya joto, injini inanguruma polepole, na dereva anakata kushoto na kulia kwa dakika arobaini. Katika saa hiyo kila kitu kinavuta na altaneta inatoa kiwango chake cha chini kabisa. Betri hushuka kidogo kidogo, volti zinapungua, na kidhibiti cha elektroniki kilicho ndani ya pampu, ambacho kimetengenezwa kujilinda dhidi ya volti ndogo, hupunguza msaada au kuzima kabisa. Dereva anajikuta na usukani mzito akiwa katikati ya watu na magari, kwenye ngazi ya kivuko. Kwa hiyo ushauri wangu ni altaneta ya ampia 90 au zaidi, na bora zaidi ni ile inayotoa angalau ampia 40 injini ikiwa chini. Injini za Toyota zilizozoeleka kwetu zina altaneta za kiwango hicho, au zinaweza kufungiwa. Betri nayo iwe nzima na isiwe ndogo kuliko saa-ampia 70.

Ukishabadilisha altaneta, usiache waya wake wa zamani. Waya uliowekwa kiwandani kwa ajili ya ampia 34 hautabeba 90, na katika magari mengine ya zamani yenye mita ya ampia kwenye dashibodi, mkondo wote wa chaji hupita ndani ya mita hiyo, mbele ya magoti ya dereva. Mita ya namna hiyo iondolewe kwenye njia ya mkondo na nafasi yake ichukuliwe na mita ya volti, ambayo kwa kweli itakueleza mambo mengi zaidi kuhusu afya ya mfumo. Hakikisha pia mambo mawili ambayo yakikosewa yataua pampu siku ileile. La kwanza, Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya sasa. Kidhibiti cha pampu hakivumilii kugeuziwa nyaya. La pili, baadhi ya Land Cruiser za dizeli zina mfumo wa volti 24 kwa betri mbili. Pampu ni ya volti 12. Wapo wanaoidokolea umeme kutoka betri moja kati ya mbili, na matokeo yake betri moja huchoka huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi. Kwa gari la volti 24 ambalo mwenyewe hataki kulibadilisha liwe la 12, nashauri aachane na mpango huu na atafute kishikizo cha pampu ya mkanda, hata kama kitachongwa upya.

Baada ya altaneta inakuja kebo, na hapa ndipo nitakaa zaidi kwa sababu ndipo kazi nyingi huharibikia. Shaba ina ukinzani, na hesabu yake iko wazi: ukinzani wa waya wa shaba ni takriban 0.0175 mara urefu wake kwa mita, ugawanye kwa unene wake kwa milimita za mraba. Chukua kebo ya mita 3 kutoka betri hadi pampu, na mkondo wa ampia 70. Ukitumia waya wa milimita 2.5, ule unaopendwa kwa sababu umejaa madukani, utapoteza karibu volti 1.5 njiani, na waya wenyewe utazalisha joto la wati 100, ndani ya mkusanyo wa nyaya za miaka arobaini ambazo plastiki yake imekauka na kupasuka. Ukirudisha umeme kwa waya kama huohuo, umepoteza volti 3. Betri inayotoa volti 12.5 itaifikishia pampu 9.5, nayo italegea au itazima. Waya wa milimita 6 utapoteza volti 0.6 upande mmoja, bado ni nyingi. Kebo ya milimita 16 itapoteza chini ya robo ya volti, na joto lake halizidi wati 16. Hicho ndicho kiwango cha chini ninachokikubali kwa umbali wa mita 3. Kama betri iko chini ya kiti na pampu iko mbele, kama ilivyo kwenye Land Rover nyingi, pima njia halisi itakayopita kebo, si umbali wa macho, na usisite kupanda hadi milimita 25.

Wengine hutumia kebo ya stata iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Ikiwa nzima na ncha zake hazijaoza, ni chaguo zuri na la bei nafuu. Jihadhari na mbili nyingine. Ya kwanza ni kebo za rangi za kupendeza zinazouzwa pamoja na vifaa vya muziki wa gari. Nyingi kati ya hizo ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake unazidi ule wa shaba tupu kwa zaidi ya nusu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, iache dukani. Ya pili ni waya wa nyumba. Waya wa uzi mmoja mnene unafaa kulala ndani ya ukuta maisha yake yote, lakini kwenye gari linalotikisika hukatika polepole kwenye ncha, tena ndani ya plastiki usikoona. Tumia kebo yenye nyuzi nyingi nyembamba. Lagi zibanwe kwa koleo lake maalumu, zisipondwe kwa nyundo, kisha zivikwe mpira unaojibana kwa joto ili unyevu usipenye. Kebo ikipita kwenye tundu la bati, tundu hilo liwe na raba yake, kwa sababu bati lenye makali pamoja na kebo iliyounganishwa moja kwa moja na betri ni chanzo cha moto.

Kwa sababu hiyohiyo fyuzi si pambo. Kazi ya fyuzi ni kulinda kebo, hivyo lazima ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 20 au 30, si karibu na pampu. Ikikaa upande wa pampu, kebo yote iliyo nyuma yake haina ulinzi hata kidogo. Tumia fyuzi kubwa ya kufungwa kwa boliti, ya kiwango kilekile kilichokuwa kwenye gari la asili la pampu, ambacho mara nyingi ni karibu ampia 80. Fyuzi ya kisu ya ampia 30 itakatika mara ya kwanza utakapoegesha. Msumari au kipande cha waya kilichowekwa badala yake ni hatari ambayo haipaswi hata kujadiliwa. Wala usipitishe mkondo huu mkubwa kwenye rilei ya ampia 40 ya taa au honi. Nguzo zake zitayeyuka na kushikana, au zitaungua na kukata. Pampu hizi hazihitaji rilei kwenye njia kubwa, kwa kuwa kidhibiti kilicho ndani yake ndicho kinachowasha na kuzima mota. Waya wa athi nao uende moja kwa moja kwenye hasi ya betri kwa kebo yenye unene uleule. Kuutegemea mwili wa gari la zamani, wenye rangi, kutu na viungo vilivyolegea, ni kujitafutia hitilafu inayokuja na kuondoka, na hiyo ndiyo inayomsumbua fundi kuliko zote.

Pamoja na nyaya mbili nene, plagi ya pampu ina nyaya nyembamba. Mmoja huiambia pampu kwamba gari limewashwa; nyingine huleta ujumbe wa kompyuta ya gari kuhusu kasi na mzunguko wa usukani. Gari lako la zamani halina kompyuta hiyo, na mtu anaweza kudhani kwamba mradi umekufa hapo. Haujafa. Nyingi kati ya pampu hizi zikikosa ujumbe huingia katika hali ya tahadhari na kutoa msaada wa kiwango kimoja usiobadilika, jambo ambalo kwa gari la kazi linatosha kabisa. Lakini aina hutofautiana, kwa hiyo tafuta mchoro wa nyaya wa mfano uleule ulioununua, na usikubali muuzaji aikate plagi karibu na pampu. Dai upewe plagi, fyuzi na angalau sentimita 30 za nyaya zote, kisha pampu ijaribiwe mezani, ikiwa na mafuta ndani, kabla hujalipa. Pampu isiyozunguka mezani haitazunguka garini.

Waya huo wa kuamsha pampu uunganishwe wapi? Jibu la haraka ni kwenye swichi ya funguo, na wengi huishia hapo. Tatizo ni kwamba pampu itaanza kuvuta kabla na wakati wa kupiga stata, saa ambayo betri ina mzigo mkubwa kuliko wote, hasa asubuhi ya baridi ya Njombe au Limuru. Jibu la pili ni waya wa taa ya chaji ya altaneta: injini ikishawaka, waya huo hupata volti na kuiamsha pampu. Hili ni bora, lakini lina kasoro yake. Mkanda wa altaneta ukikatika njiani, pampu nayo itazima ghafla, ingawa betri bado ina umeme wa kukufikisha pembeni salama. Njia ninayoipendekeza inaunganisha yote mawili kwa rilei moja ndogo na diodi mbili. Umeme wa rilei unatoka kwenye swichi ya funguo kupitia fyuzi ndogo. Koili yake inaamshwa na waya wa taa ya chaji kupitia diodi ya kwanza. Kisha rilei ikishafunga, inajishikilia yenyewe kwa umeme unaotoka kwenye nguzo yake kupitia diodi ya pili. Pampu inasubiri injini iwake, ikishaamka inabaki macho hadi funguo izimwe, na altaneta ikifa taa nyekundu ya chaji inakuonya huku usukani ukiendelea kuwa mwepesi. Kabla ya kufunga, pima waya huo kwa mita: funguo ikiwa wazi na injini imezimwa uwe karibu na sifuri, injini ikiwaka upande hadi karibu volti za betri. Na kama baada ya kuunganisha taa ya chaji inabaki na mwanga hafifu, altaneta yako haiwezi kubeba koili hiyo. Hapo chukua ishara kutoka swichi ya shinikizo la oili kwa msaada wa fundi anayeielewa.

Kuna pingamizi linalosikika sana sasa: kwa nini kuhangaika na mafuta, ilhali Vitz zilizokatwa zimejaa na usukani wake ni wa umeme mtupu, mota ikiwa kwenye nguzo ya usukani? Kwa gari dogo na jepesi, mikononi mwa fundi mwenye ujuzi wa kweli wa kuchomelea, huo ni mjadala halali. Kwa Land Rover au Land Cruiser siukubali. Mota ya nguzo ya Vitz ilikadiriwa kwa gari la tani moja na magurudumu membamba, na nguvu yake yote hupita kwenye shafti na viungo vilivyo kati ya dereva na boksi. Ili ifungwe, shafti ya usukani lazima ikatwe na kuchomelewa. Kikilegea kiungo cha mpira wa pampu, mafuta yanamwagika na usukani unakuwa mzito. Ukikatika mchomeleo wa shafti, huna usukani. Tofauti hiyo peke yake inanitosha. Kwa pampu ya umeme, njia ya chuma kutoka mikono ya dereva hadi magurudumu inabaki kama ilivyotoka kiwandani.

Lipo na pingamizi la upande wa pili, la mafundi wakongwe: pampu ya mkanda ni rahisi, haijui kompyuta, na imedumu miaka. Hapa nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mwenye injini ya asili na kishikizo kizima hana sababu ya kuhamia kwenye umeme, na anayemshawishi kufanya hivyo kwa ahadi ya kuokoa mafuta anamwongezea mambo ya kuharibika. Pampu ya umeme ni jibu la tatizo la nafasi. Pasipo tatizo hilo, ibaki ilipo.

Kwa upande wa mafuta nitasema machache. Soma kifuniko cha pampu na kitabu cha boksi: vyote viwili vitaje aina moja ya mafuta, maana sili za pampu nyingine hutaka mafuta tofauti na ATF inayotumika kwenye maboksi mengi ya zamani. Zikitofautiana, tafuta pampu nyingine. Mpira wa shinikizo utengenezwe na fundi wa mipira ya haidroliki, kwa ncha za kubanwa kwa mashine. Klipu ya kukaza kwa bisibisi inafaa mpira wa kurudishia tu. Pampu ikae juu ya raba, wima kama ilivyokaa kwenye gari lake la asili, mbali na bomba la moshi na juu ya kimo cha maji ya mafuriko unayozoea kuyavuka.

Mwisho ni kupima. Injini ikiwaka na mwenzako akikata usukani hadi mwisho gari likiwa limesimama, weka mita kati ya chanya ya betri na chanya ya pampu: tofauti isizidi volti 0.3. Upande wa hasi isizidi 0.2. Kwenye pampu yenyewe volti zisishuke chini ya 12. Usishikilie usukani kwenye mwisho wake zaidi ya sekunde chache, mafuta huchemka. Kisha zima gari, subiri dakika kumi, na upime mkondo unaovuja. Ukiwa chini ya ampia 0.05 uko salama. Ukifika nusu ampia, betri itapoteza saa-ampia 12 kila siku na gari halitawaka baada ya siku chache za kukaa. Baada ya hapo nenda kwenye uwanja mtupu, toa fyuzi ya waya wa kuamsha pampu, na uendeshe gari bila msaada. Boksi la pawa huwa na mizunguko michache kuliko la mkono, kwa hiyo likikosa mafuta huwa zito kuliko usukani wa zamani wa gari lisilo na pawa. Kila mtu atakayeliendesha gari hilo, awe dereva wa kuajiriwa au mwanafamilia, aujue uzito huo kabla haujamkuta njiani. Ijulishe pia kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba mfumo umebadilishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kutafuta pampu, fungua boneti, soma namba ya altaneta, na pima volti za betri injini ikiwa chini, taa na feni zote zikiwa zimewashwa. Zikishuka chini ya 13, fedha uliyotenga kwa pampu itumie kwanza kununua altaneta na kebo. Na kama huna mpango wa kubadilisha altaneta ya ampia 34, usinunue pampu hii kabisa.